Mashine Isiyojua Kusema Si

Jina alilopewa na wazazi wake, pale shuleni walilijua watu wawili tu: karani, kwa kuwa ndiye mwenye mafaili, na yeye mwenyewe. Wengine wote, kuanzia mwalimu mkuu mpaka mlinzi wa getini, walimwita Bi Nukta. Alifundisha Kiswahili darasa la sita, na katika miaka ishirini na minne hakuwahi kusamehe nukta. Uandike insha tamu namna gani, ukisahau nukta mwisho wa sentensi, alama moja imekwenda na maji. "Sentensi isiyo na nukta," alizoea kusema, "ni mtu anayeondoka bila kuaga." Wanafunzi wakampa jina hilo wakidhani watamkera. Yeye akalipenda, akaanza kulitumia hata kwenye simu.

Waliomwogopa kwa ajili ya kalamu yake nyekundu hawakujua kwamba ndani ya mama huyu kulikuwa na mtoto mdadisi asiyekua. Alipokuwa darasa la pili alimuuliza mwalimu wake kwa nini ng'ombe amewekewa kijialama juu ya herufi na ngazi haina, akaambiwa akae chini. Alikaa. Swali halikukaa. Likizo moja, watoto wake wakiwa bado wadogo, alishinda wiki tatu akihesabu kazi zote ambazo neno "kwa" linaweza kufanya katika sentensi. Mumewe, fundi cherehani mwenye kibanda mbele ya nyumba yao, alimwangalia akijaza daftari la pili, uzalendo ukamshinda.

"Ukishazihesabu zote, utazifanyia nini?"

"Nitazijua," alijibu Bi Nukta.

"Basi wenye kazi tushone," alisema mume, na akashona.

Kompyuta zilipokuja shuleni, kwa hiyo, ungetegemea Bi Nukta awe wa kwanza mlangoni. Na alikuwa. Zilikuja kumi na sita, zimeshatumika, kutoka ofisi fulani iliyonunua mpya. Mbili zilikufa kabla hazijafika mezani. Kumi na nne zilizobaki ziliwekwa katika iliyokuwa stoo ya madawati mabovu, chumba kirefu chenye madirisha mawili na harufu ya mbao na panya ambayo hakuna sabuni iliyoiondoa. Ukuta ulitobolewa, nyaya zikapitishwa, mlango ukawekewa kufuli mbili. Jumatatu asubuhi ratiba ya chumba ikabandikwa katika chumba cha walimu. Vipindi ishirini kwa wiki: hesabu saba, sayansi saba, Kiingereza sita.

Bi Nukta alivaa miwani, akaisoma ratiba kutoka juu mpaka chini, kisha kutoka chini mpaka juu. Hakuikosea kusoma. Kiswahili hakikuwamo, hata kipindi kimoja cha kutolea nuksi. Alitoka hapo moja kwa moja mpaka kwa mwalimu mkuu.

"Mwalimu mkuu, shikamoo ya leo nimeiacha mlangoni, nimekuja na swali tu."

"Bi Nukta, swali lako nalijua." Mwalimu mkuu alikuwa mtu mpole, mwenye meza iliyojaa karatasi na simu isiyonyamaza. "Hebu niambie na wewe. Kiswahili kinahitaji kompyuta ya nini? Watoto wanakizungumza nyumbani, wanakizungumza uwanjani, wanatukanana nacho. Kompyuta ni za masomo magumu."

"Kumbe mimi nafundisha somo laini."

"Sikusema hivyo."

"Umesema kwa ratiba."

Mwalimu mkuu akajikuna kidevu. Ijumaa, alisema, mkaguzi wa shule anakuja kukagua chumba hicho. Mwalimu wa hesabu ana ruhusa siku hiyo, kwa hiyo kipindi cha nne kiko wazi. "Kichukue. Mkaguzi akitoka humo ameridhika, kipindi hicho ni chako kila Ijumaa, nitaiandika ratiba upya. Akitoka amekunja uso, nakuomba, mama yangu, tusirudie mazungumzo haya. Ubao wako upo, na chaki nanunua kila mwezi."

"Nimekubali," alisema Bi Nukta. Alipofika ukumbini ndipo alipokumbuka kwamba hajawahi kuandika hata neno moja kwenye kompyuta.

Jumanne, saa ya chakula, aliomba funguo, akajifungia na zile mashine. Alichagua ya pembeni, akaiwasha, akasubiri, akafungua ukurasa mweupe kama alivyoona wenzake wakifanya. Alifurahi jinsi ule mstari mdogo ulivyokuwa unapepesa pale juu, unamngoja. Akanyoosha kidole kimoja, cha shahada, akaanza kutafuta herufi moja moja. Alichoandika kilikuwa sentensi ya kwanza iliyomjia kichwani, labda kwa sababu ya ile ratiba: Mimi si mgeni hapa.

Ilimchukua dakika mbili. Alipoinua macho kwenye kioo, maneno matatu kati ya manne yalikuwa yamepigiwa mstari mwekundu chini.

Hapo naomba msomaji amwonee huruma. Huyu ni mtu aliyepiga mistari myekundu chini ya maneno ya watoto wa watu kwa miaka ishirini na minne, na leo amepigwa yeye. Mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini si kwa kishindo hivyo. Uso ulimwaka. Aligeuka kuutazama mlango, kuhakikisha hakuna mtu. Akalikagua neno "mgeni", m, g, e, n, i, akalikagua kama hajawahi kuliona duniani. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake akajiuliza kama "hapa" inaandikwa hivyo.

Kisha akaliona lile neno moja lisilo na mstari. Yeye aliandika "si". Kioo kilisema "is". Mimi is mgeni hapa.

"Kidole," alijiambia. Akalifuta, akaandika tena, s, kisha i, kwa uangalifu wa mtu anayevusha yai mtaroni. Si. Akabonyeza nafasi. Mbele ya macho yake, herufi mbili zile zikarukiana kama watoto wanaobadilishana viti. Is. Akafuta, akaandika. Is. Akaandika haraka ili kuiwahi. Is. Akachungulia hata chini ya meza, sijui alitegemea kumkuta nani. Kengele ilipolia alikuwa hajala, na sentensi yake moja ilikuwa bado inamwambia kinyume cha alichoiambia.

Jioni alimsimulia mumewe kwenye kile kibanda, amekaa juu ya kigoda kati ya vipande vya vitambaa.

"Unaiambia wewe si mgeni, yenyewe inakwambia ni mgeni?" Fundi alicheka mpaka akatoa mguu kwenye cherehani. "Hiyo mashine ina adabu ya wakwe."

"Nacheka nawe, lakini nimeona haya. Imenipigia mistari, baba watoto. Mimi."

Fundi akaacha kucheka, maana alisikia sauti ilivyobadilika. "Sikiliza, mke wangu. Mashine haina akili, ina mazoea. Hii yangu nikiizoesha turubai wiki nzima, siku nikiweka hariri inaitafuna. Haijakosea yenyewe. Inadhani bado ni turubai. Wewe uliza tu, hiyo ya kwenu ilizoeshwa kitambaa gani."

Lilikuwa neno la maana, lakini haya ni haya. Kesho yake, badala ya kuuliza, Bi Nukta alifanya jambo ambalo baadaye alilijutia. Alikuwa ameandaa kifungu kifupi cha kunakili, kazi ya nyumbani ya kuwaandaa watoto kwa siku ya Ijumaa, na alitaka kitoke kimechapwa, kizuri, cha kikompyuta. Kwa kuogopa ile mistari, hakukichapa mwenyewe. Alikiandika kwa mkono akampelekea karani, mwenye vidole kumi vinavyokimbia vyote. Karani alichapa, akatoa nakala arobaini na mbili, na kwa kuwa Bi Nukta alikuwa anashikilia darasa la mwenzake aliyeumwa, akampa kiranja wa darasa la sita azigawe. Watoto wakaenda nazo nyumbani. Mwalimu wao hakuona hata moja.

Alhamisi asubuhi madaftari arobaini na mawili yalikuwa mezani pake. Akafungua la kwanza, kalamu nyekundu mkononi.

Chaki an kalamu in ndugu. Chaki is kalamu an kalamu is chaki, lakini baba yao in mmoja.

Akaweka daftari chini, akachukua la pili. Chaki an kalamu in ndugu. La tatu vilevile. La kumi. Mwandiko mzuri, mwandiko mbaya, wenye wino uliovuja na wenye kupigiwa rula, wote walikuwa wamenakili kwa uaminifu mkubwa lugha ambayo haijazaliwa. Alimwita kiranja.

"Hiki ni nini, mwanangu?"

"Kazi yako, mwalimu."

"Hili neno 'an' umelitoa wapi?"

"Kwenye karatasi." Kiranja akaitoa mfukoni, imekunjwa mara nne, akaionyesha. "Imechapwa, mwalimu. Tulidhani ni Kiswahili kipya cha kompyuta."

Bi Nukta hakumkemea. Alimwambia aende, akaendelea kufungua madaftari, sasa bila kalamu. Kilichomuuma hakikuwa makosa. Makosa alikuwa amelishana nayo chumvi muda mrefu. Kilichomuuma ni kwamba watoto hawa walikuwa wakisema na, ni, si tangu walipotoka kunyonya, na karatasi moja yenye herufi zilizonyooka ilitosha kuwafanya wadhani walikuwa wamekosea siku zote.

Daftari la thelathini na kitu lilikuwa la msichana waliyemwita Kimya, kwa sababu alikuwa hasemi mpaka aulizwe mara mbili. Humo, kwa herufi ndogondogo, kifungu kilikuwa sahihi. Chaki na kalamu ni ndugu. Chaki si kalamu. Na chini kabisa ya ukurasa, kwa penseli, ili kiweze kufutika, kulikuwa na kisentensi: Samahani mwalimu mkono umekataa

Hakikuwa na nukta. Bi Nukta alikisoma mara nyingi. Mtoto alikuwa sahihi peke yake kati ya arobaini na wawili, na alikuwa anaomba radhi. Alishika kalamu nyekundu juu ya ule ukurasa muda mrefu, hakujua aandike nini, mwishowe akalifunga daftari bila kulisahihisha na kulitia mkobani.

Karani, alipoulizwa, hakushtuka hata kidogo.

"Ah, hiyo? Huwa inafanya yenyewe. Mwanzoni nilikuwa naihangaikia, baadaye nikaizoea. Watu si wanaelewa tu?"

Bi Nukta akageukia ubao wa matangazo uliokuwa nyuma ya karani. Tangazo la mwaka huu, la mwaka jana, la mwaka juzi: Wazazi an walezi mnakaribishwa. Ada in kabla ya kufungua shule. Kosa hilo lilikuwa hapo miaka mitatu. Yeye mwenyewe, Bi Nukta, alipita mbele yake kila siku na nukta zake.

"Mashetani wadogo," aliyaambia yale maneno, lakini sasa alikuwa anatabasamu, kwa sababu udadisi ulikuwa umeishinda aibu. Akaomba kiti, akaomba na kompyuta ya karani kwa saa ya chakula, akaanza kuijaribu. Aliandika maneno madogo yote aliyoweza kuyakumbuka. "Ya" lilitulia. "La" lilitulia. "Na" liliruka likawa "an". "Ni" liliruka likawa "in". Hapo ndipo alipoupata ule uzi wa mumewe. Hariri kwenye mashine ya turubai! Kompyuta ilikuwa haijui kwamba anaandika Kiswahili. Ilidhani anaandika Kiingereza na vidole vimemtetereka, ikawa inamsaidia kimyakimya, kama jirani anayekupangia vyombo usivyomwomba. Na katika kumsaidia ilichukua "si" yake, neno la kukana, ikaweka "is", ambalo kwa lugha yake ni neno la kukubali. Mtu aandike yeye si mwizi, ijitokeze barua ya kukiri wizi!

Alicheka peke yake mpaka karani akamletea maji. Kisha akaendelea. Aligundua kwamba neno likiruka, ukibofya kile kishale cha kurudi nyuma linarudi kwako na mashine inanyamaza. Aligundua kwamba ukilibofya neno lenye mstari mwekundu kwa kitufe cha kulia cha kipanya, inafunguka orodha ndogo, na humo kuna mahali pa kuiambia: neno hili ni zuri, liweke kwenye kamusi yako. Alilibofya neno "mgeni". Mstari mwekundu ukafutika. Akaandika "mgeni" tena mahali pengine, likasimama safi. Bi Nukta alikaa akilitazama neno hilo. Maandalizi yote aliyokuwa ameyafanya kwa ajili ya Ijumaa aliyatupa kwenye kapu la karani.

Ijumaa, kipindi cha nne, watoto arobaini na wawili waliingia katika ile stoo, watatu kwa kila kompyuta. Mkaguzi alikuwa amekwisha kukaa nyuma, mwanamume mnene mwenye suti ya kijivu na daftari gumu la kuandikia taarifa. Pembeni yake mwalimu mkuu, amekaa kwenye ukingo wa kiti.

"Watoto," alianza Bi Nukta, "nimewaomba radhi kwa ile karatasi, na sasa naeleza mbele ya wageni. Mashine hizi hazijui Kiswahili. Hata 'asante' hazijui. Ni wageni wetu. Na mgeni?"

"Siku mbili!" darasa likaitika.

"Siku ya tatu?"

"Mpe jembe!"

"Basi leo tunawapa jembe. Kila kundi liandike sentensi zake. Neno likiruka, lirudisheni. Neno likipigwa mstari, msiogope. Jadilianeni wote watatu: ni sahihi au si sahihi? Mkikubaliana, na kila mmoja akaweza kunieleza kwa nini, lifundisheni mashine. Lakini angalieni. Haibishi hii. Ukiifundisha uongo itauamini, na atakayekaa hapo baada yako ataona hakuna mstari, naye atauamini."

Dakika tano za kwanza vioo vyote kumi na vinne vikawa vyekundu. Mwalimu mkuu akaona, akasogea mbele akimnong'oneza kwa meno yaliyobanwa: "Bi Nukta, ni makosa matupu! Anaandika!" Na kweli mkaguzi alikuwa anaandika.

"Mwache aandike," alinong'ona Bi Nukta.

Ndipo chumba kilipoanza kuchangamka. "Mwalimu, 'pole' imekubali bila kufundishwa!" "Mwalimu, na 'kale'!" "Na 'wake'!" Kwa nini hayo? Kiranja akadai mashine ina ndugu waliowahi kufika hapa. Mwingine akasema labda Waingereza nao wana neno kama hilo kwa maana nyingine, na Bi Nukta akasema huyo amegusa penyewe, katafuteni. "Ina mama lakini haina shangazi!" alipiga kelele mmoja, darasa zima likaangua kicheko. Kundi la dirishani lilikuwa karibu kupigana kwa ajili ya "masaa". Mmoja alitaka kulifundisha, mwenzake akasema saa moja, saa mbili, saa mia, "masaa" ni ya vijiweni. Wa tatu akatumwa kwenye kamusi ya karatasi iliyokuwa juu ya dirisha. Bi Nukta alipita kati yao mikono nyuma, na katika miaka yake yote hakuwahi kusikia watoto wakigombania umoja na wingi kwa hiari yao.

Mkaguzi alishindwa kukaa. Alizunguka, akasoma, akauliza, akajibiwa na watoto watatu kwa mpigo. Mwisho akavuta kiti kwenye kompyuta ya Kimya na wenzake.

"Na mimi niifundishe moja, mnaniruhusu?"

Wakampisha. Akaandika polepole, akitamka: Nimefurahishwa na mahudhulio ya wanafunzi. "Na" liliruka, akalirudisha kwa fahari, watoto wakampigia makofi. Mstari mwekundu ukakaa chini ya neno "mahudhulio". "Hata hili halijui!" alisema mkaguzi, akabofya kitufe cha kulia, na kabla mtu hajavuta pumzi, akalitia kwenye kamusi. Mstari ukafutika.

Si wote waliona. Mwalimu mkuu hakuona, alikuwa anatabasamu. Bi Nukta aliona. Li badala ya ri. Mbele yake kulikuwa na kipindi cha kila Ijumaa, kimeshaiva, kinangoja tu mtu mnene aliyeridhika asimame na kwenda zake. Neno moja tu. Angelifuta Jumatatu, kimyakimya, nani angejua? Alijisikia akifungua mdomo kusema "asante sana mkaguzi".

Akamtazama Kimya. Mtoto alikuwa analisoma lile neno, midomo inamcheza. Alilitazama, akamtazama mkaguzi na suti yake, kisha akaishusha mikono yake polepole, akaificha chini ya meza.

"Samahani, mkaguzi," alisema Bi Nukta. "Ni mahudhurio. Si mahudhulio."

Tabasamu la mwalimu mkuu lilikauka usoni. Mkaguzi hakugeuka. Alikaa akikitazama kioo, shingo yake nene imekuwa nyekundu juu ya kola.

"Ri?" aliuliza hatimaye.

"Ri. Linatokana na kuhudhuria."

"Kuhudhuria," alirudia mkaguzi. Akalifungua lile daftari lake gumu, akarudisha kurasa nyuma, moja, mbili, kumi. "Miaka kumi na tisa ninaandika taarifa za mahudhulio," alisema taratibu. "Nimeziandikia shule ngapi. Hakuna mwalimu hata mmoja aliyewahi kuniambia." Akamgeukia Kimya. "Wewe binti, uliona?"

Kimya aliulizwa mara moja tu, akajibu. "Niliona."

"Haya. Tunalitoaje?"

Hilo ndilo hakuna aliyelijua. Kuliweka neno ilikuwa kubofya mara moja. Kulitoa, walifungua orodha hii, wakafunga, wakafungua ile, Bi Nukta, mkaguzi, Kimya na kiranja, vichwa vinne mbele ya kioo kimoja, na wengine wamesimama juu ya viti. Kengele ya mapumziko ililia, hakuna aliyetoka. Mwishowe Kimya akanyoosha kidole mahali ambapo wakubwa walikuwa wameparuka, na hapo ikafunguka orodha: maneno yote ambayo kundi lake limeifundisha mashine tangu kipindi kianze, yamejipanga kwa alfabeti, kuanzia asante mpaka ziwa. Yalikuwa ishirini na sita. Mkaguzi aliyasoma moja moja kwa sauti, bila haraka, mpaka akafika kwa la kwake. Akalifuta mwenyewe. Kisha akaandika lingine, lenye ri, akalitia kwenye kamusi, akaangalia kama mstari umeondoka, akasimama na kuchukua daftari lake. Kwa mwalimu mkuu alisema maneno machache tu, ukumbini, na Bi Nukta hakuyasikia.

Mwalimu wa hesabu aliporudi Jumatatu alikuta vipindi vyake saba vimekuwa sita, na kwa kuwa ni mtu wa hesabu, alihesabu mara tatu. Ratiba mpya ilikuwa ukutani, imetoka kwa karani: Ijumaa, kipindi cha nne, Kiswahili an Bi Nukta. Bi Nukta mwenyewe akafungua kalamu nyekundu, akalisahihisha pale pale, walimu wote wakitazama. Karani aliapa kwamba kuanzia siku hiyo atakuwa anaangalia, na kwa wiki moja aliangalia.

Jumatatu hiyohiyo Bi Nukta akatoa mkobani lile daftari alilokuwa akizunguka nalo tangu Alhamisi, akalifungua kwenye ukurasa wenye penseli. Samahani mwalimu mkono umekataa. Aliandika kumi kwa kumi. Halafu, mahali ambapo kwa mtoto mwingine yeyote, katika miaka ishirini na minne, angekata alama moja, akaweka nukta yeye mwenyewe, nyekundu, ndogo, mwisho wa sentensi ya Kimya.